Mduara Mwekundu

SEHEMU YA SITA

Mliosoma wiki iliyopita mnakumbuka tulipomwacha Fundi Pindo: mkono kwenye komeo, mlango umefungwa, na mwanamume asiyemjua amepiga magoti sakafuni kwake, anavuja damu juu ya vipande vya vitambaa. Uliyechelewa usijali, sogea hapa. Pindo ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, aliyepewa jina hilo kwa sababu pindo akilishona yeye huoni uzi ulipopita. Mwanamume yule aliingia mbio, akainua simu yenye kioo kilichopasuka, akamwonyesha picha yake mwenyewe. Shingoni ulikuwa umechorwa mduara mwekundu. Chini yake maneno: MWIZI WA WATOTO. AKIONEKANA ASIACHWE.

Tulikatia pale Pindo alipoutazama ule mduara, akaujua mkono uliouchora. Ulikuwa mkono wake.

Jiwe la kwanza liligonga mlango kabla hajasema neno. La pili likapita kwenye kidirisha cha juu, likaangukia cherehani na kuvunja taa yake.

"Dada, umeona?" mtu yule alisema, bado ameshikilia simu. "Nani amenichora hivi? Mimi nimemkosea nani?"

 

Pindo alimkokota kwa makwapa hadi chini ya meza ya kukatia, akashusha kitambaa kirefu kumficha. Sikio la kushoto lilikuwa limechanika, limebaki kuning'inia kwa ngozi. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kilielekea upande ambao vidole havielekei. Pindo akachana kipande cha bitana, akamfunga kichwa kwa haraka na kwa nguvu, kama mtu anayefunga mzigo wa safari.

"Wewe ni nani?"

"Mpima macho. Nazunguka mashuleni, napima watoto, anayehitaji miwani naandika." Alimeza mate yenye damu. "Leo nimefika langoni, mama mmoja akaniangalia, akaangalia simu, akaniangalia tena. Sijamaliza hata kusalimia. Mwenye mwavuli akaanza na mwavuli."

"Na sikio?"

"Sikio ni la mwenye koleo."

Sasa hapa niwaibie siri ya mafundi, na fundi wangu asininunie. Fundi akiona nguo nzuri barabarani roho haitulii. Hawezi kumsimamisha mtu na kumwambia geuka nikutazame mgongo, ataonekana mwehu. Kwa hiyo anapiga picha kimyakimya, anachora mduara mwekundu pale penye ufundi, anaitupa kwenye kundi la wenzake. Kundi la Pindo linaitwa Uzi na Sindano. Lina mafundi sitini na mmoja, na wote wanajua maana ya mduara: hapa pameshonwaje? Kiunoni, begani, shingoni, popote. Uso wa mtu hauna kazi kwao.

Wiki tatu zilizopita Pindo alimwona mtu kwa upande, akivuka barabara na koti la kijivu lenye kola ya ajabu, iliyojikunja kutoka kifuani hadi kisogoni bila mshono. Akapiga. Akachora mduara. Akaandika: "Nani anamjua huyu? Namtafuta sana." Alitaka kuuliza fundi aliyelishona, basi.

Ndani ya kundi lile maneno hayo hayana ubaya wowote. Yatoe nje, uyaweke mbele ya mzazi ambaye hajalala, ndipo utakapoona.

Mlango uligongwa kwa chuma.

"Pindo. Fungua."

Ilikuwa sauti ya Cheche, fundi wa kuchomelea, jirani yake wa duka la nne, msimamizi wa kundi la Ulinzi wa Mtaa. Mtu mcheshi sana, Cheche, ukimkuta peke yake. Akiwa na watu sitini nyuma yake ni mtu mwingine kabisa. Mwaka jana kundi lake lilimpiga mchonga funguo kwa matofali mpaka akafa, kwa sababu ya picha tu. Walipogundua si yeye, Cheche mwenyewe alichomelea kibao cha chuma cha kaburi lake, akakipaka rangi, akalia mazishini kuliko wafiwa.

"Siwezi kufungua," Pindo alisema. "Kuna mteja anapimwa, hana nguo."

"Mteja gani?"

"Mama mkwe wako. Nifungue?"

Nje wawili watatu walicheka. Cheche hakucheka. Alipiga ubao wa chini kwa nondo, ukapasuka, akaingiza mkono na kuanza kupapasa kutafuta komeo.

Pindo alitazama vile vidole vikitambaa kwenye mlango wake. Pasi ilikuwa bado imewaka mezani, suruali nusu imepigwa, nusu bado. Akaichukua, akaibandika juu ya mkono wa Cheche, akakandamiza kama anayelainisha ukosi mgumu.

Ule ukelele ulisikika mpaka sokoni. Harufu ya nyama ilijaa chumba.

"Nimekuambia kuna mwanamke hana nguo humu," Pindo alisema. "Mkono wako unatafuta nini?"

"Umenichoma wewe!"

"Wewe unachoma vyuma vya watu kila siku. Leo umechomwa. Nenda kapake mafuta."

Wakacheka tena kule nje, na kwa kitambo kidogo Pindo aliamini ameshinda. Kisha sauti nyingine ikasema, "Cheche, angalia ngazi. Damu hii ya nani?"

Chini ya meza, Mpima Macho aliacha kupumua.

"Pindo," Cheche alisema polepole. "Damu ya nani hii?"

"Yangu. Nilijikata na mkasi nikitoka kutupa maji."

"Onyesha."

Msomaji, ungefanya nini? Pindo alichukua mkasi mkubwa wa kukatia, ule ambao haruhusu mtu yeyote aushike, akaufungua, akapitisha makali kwenye kiganja chake cha kushoto kutoka kidole kidogo hadi gumba. Hakulia. Aliuma meno, akatoa mkono kupitia lile tundu, damu ikidondoka kwenye viatu vya watu.

"Umeridhika? Au nikutolee na mguu?"

Nje walinong'onezana. Wengine walisema twendeni, huyu dada ana wazimu. Lakini Cheche alikuwa ameungua mkono mbele ya watu wake, na mwanamume wa namna hiyo harudi nyumbani hivihivi.

"Naenda kuchukua mtungi wa gesi," alisema. "Nakata bawaba zote mbili. Mkiona mtu anatoka humu, msiniulize. Mpigeni."

Karakana yake iko ng'ambo ya soko. Kwenda na kurudi na mtungi mzito, dakika kumi na tano. Pindo alizihesabu kichwani kama anavyohesabu siku za sikukuu.

Alifunga kiganja kwa futi ya kupimia, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu, akainama chini ya meza.

"Sikiliza. Ule mduara nimechora mimi."

Mpima Macho alimkodolea macho. Pindo alimweleza yote, kwa pumzi moja, bila kujitetea: kola, kundi, mafundi, namtafuta sana. Alipomaliza machozi yalikuwa yanamtoka na hana mkono usio na damu wa kuyafuta.

"Kwa hiyo ni kola," mtu yule alisema.

"Ni kola."

"Sikio langu limekwenda kwa kola." Akaanza kucheka, akaacha maana kucheka kulimuuma. "Basi waambie. Wewe ndiye uliyeanzisha, waambie ni kola."

Pindo akaandika kwenye Uzi na Sindano, kwa kidole gumba kimoja: "Jamani, yule mtu wa koti ni mpima macho, hana kosa, picha ilikuwa ya mshono. Watu wanataka kumuua. Saidieni."

Majibu yalimiminika. Pole mpenzi. Duh. Mungu amsaidie. Mmoja akauliza kama alishapata ule mkato. Mafundi sitini na mmoja, na wote wanajua tayari kwamba picha ilikuwa ya mshono. Amewahubiria walioamini. Huko nje, kwa mwenye mwavuli na mwenye koleo, halikufika hata neno moja.

Mpima Macho ndiye aliyeligundua. "Unawaambia wanaojua," alisema. "Nyinyi nyote humo mnajuana, mnaambiana yaleyale. Picha haikutoka kwa watu sitini. Imetoka kwa mtu mmoja mwenye mguu mmoja kwenu na mguu mwingine kwa wazazi. Ni nani huyo?"

Pindo hakuhitaji kufikiri. Kuna mtu mmoja tu kwenye kundi la mafundi ambaye si fundi. Anawauzia mafundi vifungo na zipu. Ana wajukuu watatu shuleni, kwa hiyo yumo kwenye kundi la Wazazi. Duka lake liliwahi kuvunjwa, kwa hiyo yumo Ulinzi wa Mtaa. Ukimpigia simu kumuuliza uzi wa bluu, utajua nani kaoa, nani kaachwa, nani kahamia wapi. Akapiga.

"Mama Vifungo, shikamoo. Ile picha yangu ya koti uliipeleka wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa nataka kukupigia, nimeshindwa." Sauti ya mama ilikuwa imepoteza uchangamfu wote. "Nilikusaidia tu. Uliandika unamtafuta. Mimi wiki hii nikahisi ni yule anayewapima wajukuu zangu macho, nikaitupia kwa wazazi niwaulize. Moja tu. Naapa, niliituma moja tu."

"Na maneno je? Niliyoyaandika?"

"Maneno yalibaki kwenu, ikaenda picha peke yake. Halafu si unajua Jumatatu mtoto wa seremala alipotea?"

"Alipatikana siku hiyohiyo. Alikuwa amelala kitandani kwa bibi yake."

"Alipatikana, ndiyo. Tangazo la kupatikana lilisomwa na watu wanne. La kupotea bado linatembea mpaka leo, jana limenirudia kutoka kwa binamu yangu wa mbali kabisa, akaniambia nilinde wajukuu. Picha yako ikakaa chini ya tangazo lile. Mtu akaviunganisha. Ikatoka kwa wazazi ikaingia Ulinzi, Cheche akaweka yale maandishi makubwa. Pindo, nimewaandikia mara tatu kwamba ni uongo. Wamesema nimehongwa."

Kwa mbali, upande wa soko, gurudumu la mkokoteni lilianza kulia. Mtu alikuwa anasukuma kitu kizito.

"Mama, Cheche analeta gesi. Mtu yuko hapa kwangu. Wakiingia wanamuua mbele yangu, na mimi ndiye niliyemuua."

 Mama Vifungo akasema jambo ambalo mwanamke wa umri wake hapaswi kulisema, lakini alilisema.

"Ukweli hawautaki. Wape kitu cha kukimbilia."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwa na simu. Njia ya mwongo siku hizi ni ndefu, ina lami, na kila unayemjua amesimama pembeni anaisukuma gari iende.

"Andika ameonekana kiwanda cha zamani cha matofali," Pindo alisema. "Peke yake. Sasa hivi."

"Huko kuna nani?"

"Popo. Kiwanda kimefungwa miaka mingapi? Watakwenda, watapiga kuta, watachoka."

"Mwanangu, una hakika?"

"Mama, andika."

Aliandika. Dakika ya kwanza hakuna kilichotokea. Dakika ya pili simu moja ililia nje ya mlango, kisha mbili, kisha zikalia kwa mfuatano barabara nzima. Dakika ya tatu ujumbe ukamrudia Pindo mwenyewe kutoka kwa mteja aliyemshonea sare, umeshanenepa: ameonekana kiwandani, yuko na mtoto. Ya nne, kutoka kwa mwenye nyumba wake: yuko na watoto wawili, ana kisu. Ya tano ukatoka kwa fundi wa Uzi na Sindano, mmoja wa wale waliosema pole dakika kumi zilizopita: ana bastola, msiende peke yenu.

Hata yeye ameamini, Pindo alijiambia. 

Nje viatu vilikuwa vinakimbia. Mtu alipiga filimbi. Sauti ya Cheche ikapita mlangoni bila kusimama: "Kiwandani! Huo mtungi pakieni kwenye pikipiki, msiuache!" Kisha injini, kisha vumbi kupitia tundu la mlango, kisha kimya cha mtaa uliobaki bila wanaume.

Pindo aliketi sakafuni akaegemea mguu wa meza. Mpima Macho alitoka taratibu, akaketi kwenye stuli ya wateja. Walitazamana kama watu waliopona ajali moja.

"Vua koti," Pindo alisema. "Kwenye ile picha uso hauonekani vizuri. Wanaowinda hawakujui wewe, wanalijua koti. Ukitoka na shati utapita katikati yao."

Alimsaidia kulivua, kidole kilichovunjika kikimtoa jasho. Na hapo fundi ni fundi tu, hata damu ikimtoka. Aliligeuza koti, akapitisha gumba kwenye kola. Kipande kimoja. Kola na kifua vimekatwa pamoja, kikakunjwa kikazungushwa hadi kisogoni. Wiki tatu alikuwa amejiumiza kichwa.

"Mimi niliweka mshono nyuma," alisema, kama anayejisemea. "Nikauficha chini ya mkunjo. Ukitazama kwa mbali huwezi kutofautisha."

"Umelishona?"

"Nimemshonea mdogo wangu, la kijivu kama hili. Kitinda, wa mwisho kwetu. Kinyozi. Mama alifariki yeye akiwa hajui hata kutembea, nimemlea mimi. Kesho kutwa anakwenda kujitambulisha ukweni, akasema dada nataka nipendeze." Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu. "Alipita asubuhi akalichukua. Hakulivua. Akatoka nalo hivyohivyo, anakwenda kupiga picha na rafiki yake mwenye kamera."

Simu yake ililia. Ilikuwa kundi la familia. Shangazi ameandika: "Umependeza baba, hatumkatazi mtu kuzimia." Mjomba ameweka makofi.

Juu ya maneno hayo kulikuwa na picha. Kitinda, mikono mfukoni, kola imekaa vizuri kuliko Pindo alivyotegemea, kidevu juu. Nyuma yake ukuta mrefu wa matofali mekundu, bomba la moshi lililokatika nusu, na lango lenye kutu.

Pindo alilitazama lile lango. Alilitazama mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe.

"Nini?" Mpima Macho aliuliza.

 Pindo alipiga namba ya mdogo wake. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, tena. Mara ya nne ikapokelewa, na sauti iliyopokea ilikuwa ya kunong'ona.

"Dada. Kuna watu huku."

"Vua koti."

"Nini?"

"Kitinda, vua hilo koti, litupe, ukimbie."

"Nimeshalivua, dada. Wameniona kabla sijalivua. Rafiki yangu wamempiga na nondo, sijui kama anapumua. Nimejificha ndani ya tanuri." Alikuwa analia kimyakimya, kama alivyokuwa akilia utotoni akiogopa kuamsha watu. "Wamefunga mlango wa chuma kwa nje. Nasikia wanavunja mbao. Dada, wanataka nini? Mimi nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Usikate simu. Nakuja."

"Chaji ni ndogo."

"Nakuja, mdogo wangu."

Ikakatika.

Pindo alisimama, akaketi, akasimama tena. Kiwanda ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Pikipiki ya Cheche, dakika sita, na mtungi wa gesi umepakiwa nyuma. Yeye ndiye aliyemchoma Cheche mkono. Yeye ndiye aliyempeleka huko. Na koti ni la mkono wake, mshono kwa mshono.

Angegeuza mtu mmoja kule ile kola angeuona mshono wa nyuma, akajua si lile. Lakini watu wenye nondo hawageuzi kola.

Akampigia Mama Vifungo. "Mama, futa. Futa sasa hivi. Yuko Kitinda kule."

"Kitinda wetu?" Mama alitoa pumzi kama aliyepigwa kifuani. "Ewe Mola. Nimefuta, mwanangu, nimefuta kwangu. Kwa wengine siwezi kufuta. Limeshakuwa la kila mtu."

"Waambie ni ndugu yangu. Waambie ni kinyozi, nusu yao anawanyoa yeye."

"Ngoja." Pindo alisikia vidole vya mama vikigonga kioo. Kisha: "Nimewaambia. Nimewaambia ni mdogo wa Pindo. Unajua wamesema nini? Wamesema kumbe ndiyo maana alifunga mlango. Wamesema ni genge la familia."

"Mama."

"Wa jirani na kiwanda wamewahi, wanasubiri Cheche afike na moto. Wanaandika humu wanavyokusanya kuni, kila mtu anasema ameleta ngapi." Mama Vifungo alikuwa analia sasa. "Pindo, hawa hawarudi nyuma kwa maneno. Nimewajua leo. Wanafuata picha. Kama una picha nyingine yoyote, kitu cha kuwaonyesha kwamba siye yule wa tanurini, nitumie niiweke. Haraka, mwanangu. Nitumie yoyote."

Pindo alishusha simu.

Mpima Macho alikuwa amekaa kwenye stuli, bitana ya bluu imezunguka kichwa chake, shati limelowa damu begani. Hakuwa amesikia upande wa pili. Alikuwa amekumbatia mkono wake mbaya kwa mkono mzuri, na alimtazama Pindo kwa imani ya mtu ambaye amefichwa chini ya meza na mtu aliyejikata mkono kwa ajili yake.

"Ni mdogo wako?" aliuliza kwa upole.

"Ndiye."

"Pole sana, dada. Nifanye nini? Niambie nifanye nini nikusaidie."

Pindo alimtazama. Huyu alikuwa mtu wa watu, labda ana mke, labda ana mdogo wake naye. Hakumuuliza, na sasa alishukuru kwamba hakumuuliza. Kutoka pale kiwandani hadi hapa, watu wakigeuka sasa hivi, dakika sita. Mlango una tundu. Bawaba zina kutu.

Damu ni nzito kuliko maji. Sijui nani aliisema kwanza, lakini naamini hakuwa amekaa chumba kimoja na maji yenyewe, yanamtazama usoni.

"Vaa koti lako," Pindo alisema.

"Si umesema nilivue?"

"Vaa."

Alivaa. Alisumbuka na mkono wa kulia, Pindo akamsaidia kuupitisha, akamwekea sawa mabega, akailaza ile kola kwa vidole viwili kama anavyomfanyia kila mteja siku ya kuchukua nguo. Mikono yake haikutetemeka. Hilo lilimwogopesha kuliko yote.

"Tunatoka?" Mpima Macho aliuliza.

Pindo alirudi hatua mbili nyuma, hadi mwanga wa kidirisha ukamwangukia mtu yule vizuri. Akainua simu. Safari hii uso ulitoka mzima, na nyuma yake kibao cha duka kikasomeka. Kidole chake kiliacha doa la damu kwenye kioo, akalifuta kwa gauni, akachagua rangi.

"Fundi," mtu yule alisema. "Unachora nini?"